Damu ya Ufizi Inamlisha Nani

Bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis hana haja na sukari. Mpe soda, mpe kashata, mpe zabibu za Hombolo, hatafaidika na chochote kati ya hivyo. Anaishi kwa vipande vya protini, na ili akue na kuongezeka lazima apate himu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba madini ya chuma na kuipa damu wekundu wake. Jeni za kutengeneza himu ndani yake hazijakamilika, hivyo hawezi kujitengenezea mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Anaitafuta pale inapopatikana, na katika kinywa cha binadamu inapatikana kwenye ufizi unaovuja damu.

Naanza na jambo hili kwa sababu katika vyumba vya matibabu ya kinywa hapa Dodoma damu ya fizi huelezwa kwa namna nyingi, na karibu zote huifanya ionekane jambo dogo. Mmoja anasema mswaki ulikuwa mgumu. Mwingine ameambiwa ni upungufu wa vitamini na amekwisha kununua vidonge. Mama mjamzito anaambiwa na wenzake kuwa ni hali ya mimba, itapita. Wapo walioacha kabisa kupiga mswaki upande unaovuja, wakiamini wanaupumzisha. Huko kupumzisha ndiko kumlisha bakteria huyu, na sababu yake imo ndani ya jeni zake.

Maabarani, bakteria huyu huoteshwa kwenye sahani ya agari iliyochanganywa na damu ya mnyama, ndani ya chombo kisicho na oksijeni, kwenye nyuzi joto 37. Siku za mwanzo makoloni yake ni madogo, ya rangi ya krimu, na mtu asiye mzoefu anaweza kuyapita bila kuyaona. Ikipita wiki hivi yanaanza kuwa kahawia, kisha yanakuwa meusi tii na kumeta. Weusi huo ni himu yenyewe, iliyotolewa kwenye damu ya sahani na kurundikwa juu ya utando wa nje wa bakteria. Watafiti walipoiharibu kwa makusudi jeni moja iitwayo kgp, weusi ule haukutokea kama kawaida.

Jeni ya kgp hutengeneza kimeng'enya kinachoikata protini kila penye asidi amino iitwayo laisini. Jeni mbili za jamii hiyo hiyo, rgpA na rgpB, hutengeneza vimeng'enya vinavyokata penye aginini. Vyote kwa pamoja huitwa jinjipeni, na inakadiriwa kuwa vinabeba karibu asilimia 85 ya uwezo wote wa bakteria huyu wa kumeng'enya protini zilizo nje ya mwili wake. Ni jeni tatu tu, lakini tazama zinachofanya kwenye ufizi. Jinjipeni huikata faibrinojeni, protini inayogandisha damu, kwa hiyo mchubuko ambao ungekauka upesi huendelea kuvuja. Huamsha mfumo wa mwili unaotanua mishipa midogo na kuifanya ichuje majimaji, na ufizi huvimba. Huikata himoglobini na kuichomoa himu, ambayo hupokelewa na protini nyingine mbili, za jeni hmuY na hmuR, na kuingizwa ndani. Hata zile protini za kinga ambazo kazi yake ni kumwekea bakteria alama ili chembe nyeupe za damu zimmeze, nazo hukatwakatwa kabla hazijamkaa sawasawa. Bakteria huyu, basi, hakai kuisubiri damu. Anahakikisha haikomi.

Mwaka 2003 wanasayansi wa Marekani walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya aina yake moja, W83. Ulikuwa na herufi takriban milioni 2.3, zenye jeni karibu 2,000. Kwa kiumbe wa kinywani huo si urithi mkubwa, na sehemu yake kubwa ni ya shughuli za kawaida za kuishi. Zinazotuhusu ni chache. Miongoni mwake zimo zile zilizotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2010, ambazo hujenga njia ya kuzitoa jinjipeni kutoka ndani ya bakteria hadi juu yake. Ukiivunja njia hiyo, bakteria anabaki na vimeng'enya vyake tumboni, makoloni hayawi meusi, na madhara yake kwa wanyama wa maabara hupungua sana.

Kabla ya kula, inabidi ashike mahali. Kushika ni kazi ya nywele nyembamba mno za protini zinazotokana na jeni fimA. Humnasisha kwenye seli za ufizi kama mbigili inavyonasa kwenye pindo la kanga ukikatiza mashamba ya Bahi wakati wa kiangazi. Jeni hii haifanani kwa bakteria wote. Kuna aina sita zinazotambuliwa, na watafiti wa Osaka, wakiongozwa na Atsuo Amano, walionyesha kuwa aina ya pili huonekana zaidi kwa watu wenye ugonjwa mkali, ilhali aina ya kwanza huonekana zaidi kwa wenye fizi nzima. Watu wawili wanaweza kuwa na bakteria wa jina moja kabisa, lakini aliyekaa kinywani mwa mmoja akawa mpole kuliko wa mwenzake.

Akishashika, anaweza kuingia ndani ya seli. Jeni iitwayo serB hutengeneza kimeng'enya anachokitoa anapogusana na seli ya ufizi. Kimeng'enya hicho hubadili nyuzi za ndani zinazoipa seli umbo, na bakteria hupata njia. Wakati huo huo hunyamazisha ishara iitwayo interlukini 8, ambayo kwa kawaida seli iliyoshambuliwa huitoa ili kuita chembe nyeupe za damu. Seli inashambuliwa na haiiti msaada. Hiyo ni sehemu ya sababu ya ugonjwa huu kwenda kimya kwa miaka, bila lile jipu na maumivu ya usiku ambayo yangemtoa mtu Chamwino akapanda basi kuja mjini kutibiwa.

Mwaka 2011 kundi la watafiti, wakiwamo George Hajishengallis na Richard Darveau, lilimwingiza bakteria huyu katika vinywa vya panya. Hakufikia hata asilimia 0.01 ya bakteria wote waliokuwamo, lakini mfupa unaoshikilia meno ulipungua. Panya waliolelewa bila bakteria wa aina yoyote, walipopewa yeye peke yake, mfupa wao haukuguswa. Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe hali mfupa. Anavuruga ulinzi, na vipande vya protini vinavyobaki baada ya vimeng'enya vyake kupita vinawanenepesha jirani zake. Jirani wawili wa karibu, Tannerella forsythia na Treponema denticola, waliwekwa pamoja naye mwaka 1998 na Sigmund Socransky na wenzake kwa kuwa aghalabu hukutwa mahali pamoja, penye mifuko mirefu kati ya jino na ufizi. Mfupa huyeyushwa na mwili wenyewe, katika hasira ya kupambana na kundi hilo.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wa kufikirisha kabla ya jeni hizi kueleweka hivi. Mwaka 1986 Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa Watanzania watu wazima wa miaka 30 hadi 69. Mwaka 1988 wakatoa mwingine mkubwa zaidi wa Machakos, Kenya, kwenye nchi kavu ya mahindi na mbaazi isiyotofautiana sana na huku kwetu: watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65. Ukoga ulikuwa kila kinywa, ugaga ulikuwa umejaa, fizi zilivuja damu. Kwa mafundisho ya wakati ule, watu hao wangepaswa kuwa vibogoyo wakifika miaka 50. Hawakuwa. Wengi walikuwa bado na meno yao, na uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache katika kila rika. Gunnar Dahlén alipowatafuta bakteria wenyewe kwenye ukoga wa Wakenya hao, matokeo yakichapishwa kuanzia 1989, wale wenye makoloni meusi walipatikana kwa watu wengi, hata kwa wasio na mifuko mirefu.

Matokeo hayo yaliwasumbua wataalamu wa Ulaya na Marekani, na kwa maoni yangu hayajapewa heshima inayostahili hata leo. Yalivunja ile hesabu rahisi ya kwamba uchafu ukizidi meno yatang'oka. Yalilazimisha maswali mengine: bakteria yupi hasa, mwenye jeni zipi, na katika mwili wa nani.

Jibu moja lililo wazi sana lilitoka Morocco. Bakteria mwingine wa fizi, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, ana sumu inayoua chembe nyeupe za damu, itokanayo na jeni ltxA. Katika ukoo wake mmoja uitwao JP2, herufi 530 zimepotea mbele ya jeni hiyo, sehemu inayodhibiti kiasi cha sumu. Jeni ya sumu yenyewe haikubadilika ila ilipoteza breki, na sumu inamwagika kwa wingi. Mwaka 2008 Dorte Haubek na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana wa shule za Morocco kwa miaka miwili. Waliokuwa na ukoo wa JP2 walikuwa na hatari mara 18 ya kupoteza mshikamano wa jino na ufizi kuliko wasiokuwa na bakteria huyo. Vijana, si wazee. Ukoo huo unaaminika kuanzia kaskazini mwa Afrika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukaenea Afrika Magharibi, ukavushwa kwenda Amerika ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayelegea meno ya mbele na magego ya kwanza, huku kinywa chake kikionekana kisafi, asikaripiwe kuwa hapigi mswaki. Apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno mapema, pamoja na ndugu zake, kwa sababu bakteria huyu hupita ndani ya familia.

Kwa wakazi wa nyanda hizi za kati, habari ya jeni ndogo kuamua mahali pa ugonjwa si ngeni kama inavyosikika. Wilaya ya Kongwa imejulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Anayeileta ni Chlamydia trachomatis. Mwaka 2003 ilionyeshwa kuwa aina zake zinazoshambulia macho zimepoteza uwezo wa jeni za kutengeneza asidi amino iitwayo triptofani, huku zile za sehemu za siri zikiwa bado nazo. Bakteria ni yule yule kwa jina, ila tofauti ya jeni za chakula imegawanya makao yao. Na huko Kongwa ndiko Sheila West na wenzake walikofanya jaribio lililochapishwa mwaka 1995: vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na kampeni ya kuwanawisha watoto uso vililinganishwa na vilivyopewa dawa peke yake. Watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walikuwa na nafasi ndogo ya kuwa na trakoma kali. Walioosha uso hawakuwa wamemuua bakteria kwa dawa mpya yoyote. Walimwondolea mazingira.

Kwenye ufizi hali ni hiyo hiyo. Ukoga ukikaa siku kadhaa ukingoni mwa jino, ufizi huwaka na kuvuja. Uvujaji huo ndio unaofungua ghala la himu. Wakati huo bakteria wengine wenye makoloni meusi nao hujitokeza. Prevotella intermedia, kwa mfano, huweza kutumia homoni za mimba, estradioli na projesteroni, badala ya kirutubisho cha jamii ya vitamini K anachokihitaji. Jambo hili lilionyeshwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama mjamzito wa Mpwapwa anayevuja damu ya fizi hana sababu ya kungoja ajifungue. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na miezi ya katikati ndiyo inayomfaa zaidi kwa kukaa kwenye kiti. Mvutaji wa sigara ana shida ya upande wa pili: moshi huifanya mishipa ya ufizi isivuje kwa urahisi, naye hujiona mzima huku mfupa ukiisha chini.

Kuna jambo la mahali petu ambalo huwapoteza watu. Sehemu za Singida, na baadhi ya maeneo ya jirani, maji ya visima yana floraidi nyingi, na watoto waliokulia huko hupata meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo yaliingia jino lilipokuwa bado linaundwa ndani ya taya. Hayaondoki kwa mswaki na wala si dalili ya ugonjwa wa fizi. Nimewaona watu wenye meno ya kahawia na fizi imara kabisa, zilizobana, za rangi nzuri, wanaotembea na aibu wasiyoistahili. Na nimewaona wenye meno meupe pe ambao mfupa umekwisha kuliwa nusu.

Kijiti cha mswaki nacho kisidharauliwe. Mti wa Salvadora persica huota katika nchi kavu kama yetu, na mwaka 2011 watafiti wa Sweden walionyesha maabara kuwa kemikali itokayo kwenye mizizi yake, benzili isothiosayaneti, huua haraka bakteria wa kundi la P. gingivalis na yule wa Morocco. Mzee anayetafuna kijiti chake asubuhi anafanya jambo la maana, mradi ncha ifikie pale jino linapokutana na ufizi, mbele na nyuma, na isiishie kung'arisha meno ya mbele tu.

Dawa ya vidonge ni habari nyingine, na hapa naomba nisikilizwe. Mtu akivimba fizi huenda duka la dawa muhimu, hununua metronidazoli au amoksilini ya siku mbili tatu, uvimbe unapungua, anasahau. Bakteria wa ukoga hukaa ndani ya utando mzito wanaoujenga pamoja, na dawa iliyomezwa haiwafikii wote kwa nguvu inayotosha. Wanaobaki wana jeni za kujikinga ambazo huweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Jeni cfxA, inayovunja dawa za jamii ya amoksilini, imeonekana mara nyingi kwa Prevotella wa kinywani. Jeni tetQ, ya kujikinga na tetrasaiklini, husafiri kwenye vipande vya vinasaba vinavyoweza kuruka kati ya jamii tofauti za bakteria. Kila dozi ya nusu inawachagua wenye jeni hizo na kuwaachia uwanja. Kuna wagonjwa wanaohitaji vidonge, hasa vijana wenye ugonjwa wa kasi, lakini hutolewa pamoja na usafishaji na kwa dozi kamili.

Wapo pia waliojaribu kuizuia jinjipeni yenyewe kwa dawa. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyodai kuona alama za bakteria huyu kwenye ubongo wa waliokufa na ugonjwa wa Alzheimer, na kampuni moja ya Marekani ikajaribu kidonge cha kuzuia kimeng'enya cha kgp kwa wagonjwa. Mwaka 2021 jaribio hilo halikufikia malengo yake makuu. Mtu akikuuzia dawa ya meno kwa kukutisha na kusahau uzeeni, ujue hajathibitisha.

Kinachofanya kazi ni cha mikono. Daktari au afisa afya kinywa huchukua chuma chembamba chenye ncha butu na alama za milimita, hukiteleza taratibu kando ya jino, sehemu sita kuzunguka kila moja, na kusoma. Milimita mbili au tatu bila damu ni sawa. Tano, na tone jekundu likijaa polepole nyuma ya chuma, maana yake pale chini kuna ugaga mgumu, mweusi, ambao mswaki haufiki na ambao lazima ukwanguliwe kwa kifaa hadi mzizi uwe laini. Hospitali nyingi za wilaya zina kitengo cha kinywa na meno, na wengi huingia humo kung'oa tu, kwa sababu hawakuomba kingine. Omba kipimo cha fizi. Omba usafishaji wa chini ya ufizi. Rudi baada ya wiki sita hadi nane upimwe upya: mfuko wa milimita tano ukishuka hadi tatu na damu ikakoma, ile njaa ya himu imeanza kumbana bakteria. Usipoendelea kuutoa ukoga kila siku, bakteria huyo hurejea katika muda wa wiki hadi miezi michache, na ndiyo sababu wenye ugonjwa uliokwisha kula mfupa huitwa kila baada ya miezi mitatu.

Mwenye kisukari asisubiri ratiba hiyo. Aje na jibu la kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu. Majaribio yaliyokusanywa pamoja na kupitiwa upya mwaka 2022 yalionyesha kuwa kutibu fizi kulikishusha kipimo hicho kwa wastani wa nukta 0.43 za asilimia ndani ya miezi mitatu hadi minne, na anayemtibu kisukari anapaswa kulijua hilo anapopanga dozi.